Maua ya Bure

Kwa miaka mingi nimekana jambo moja, tena nimelikana kwa Kifaransa kizuri: kwamba maua yangu hayana faida. Kila nilipoomba fedha niliandika kuwa yatasafisha udongo, yataonyesha madini yalipo, yatatufaa siku moja. Labda. Ukweli ni kwamba napenda kuyatazama, na nataka tu kujua yanaishije mahali ambapo kila mmea mwingine unakufa. Leo nimechoka kuficha.

Chuo ninakofundisha hapa Likasi kina uwanja mmoja mdogo nyuma ya madarasa. Huko nimepanda maua hayo katika udongo wa shaba, na chuo humlipa mlinzi anayeyamwagilia wakati wa kiangazi. Sasa wenzangu wanautaka uwanja huo kwa ajili ya chujio la maji. Mkurugenzi aliniambia kamati itaamua asubuhi hii, kisha atanipigia simu. Nikaona heri niende kwa miguu nikayatazame, na njia ikanipitisha kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, nilimokulia.

Ungeiona kambi yetu enzi zile, rafiki yangu! Siku hizi kila nyumba imejificha nyuma ya ukuta wake. Zamani ulijua jirani anapika nini kabla hajafunika sufuria: sombe, kisamvu chetu, yenye mawese huku, samaki wakavu kule, na kila mahali mwiko wa bukari, ugali wetu, ukigonga chungu. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha, kikatulisha, kikaturudisha nyumbani. Kabla ya Noeli tulipaka kuta chokaa ya machimbo ya Kakontwe, tukalala na vidole vinavyowasha.

Bibi yangu, tuliyemwita Kaku kama wafanyavyo watu wa Kasai, alinituma kila alasiri kuchuma lengalenga, mchicha wa porini. Nyuma ya kambi palikuwa na kilima kipara. Udongo wake ulijaa shaba hata nyasi ziliukataa. Vimaua vya buluu tu ndivyo vilivyoota. Nilirudi na lengalenga za kujaza kiganja na maua ya kujaza gauni. Kaku aliinua ua moja, akalitazama kama hakimu.

"Iyi, banakulaka?"

"Hapana, Kaku."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Basi ni kintu ya bure. Tupa kule!"

Hapo ndipo maisha yangu yalipopotea njia. Kambini kwetu hakukuwa na kitu cha bure. Nyumba ilikuwa ya kampuni, unga ulikatwa kwenye mshahara wa baba. Neno lile nililijua kutoka sokoni tu, muuzaji anapoongeza nyanya moja juu ya fungu: "Chukua, mama, iyi ya bure!" Kwa hiyo Kaku aliponiambia kilima kizima kimejaa vitu vya bure, nilielewa kwamba nichukue nipendavyo, baba hatakatwa. Sikutupa hata ua moja. Niliyapanga dirishani ndani ya kopo la sardini.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, uyu mutoto atakulishaka majani!"

"Muache," Kaku akajibu. "Ata mbuzi inakatalaka ile."

Lakini asubuhi moja nilikuta kopo limejaa maji. Sikuyatia mimi. Maji tuliyabeba kichwani kutoka bomba la mtaa, na Kaku alikuwa mtu wa kunawisha watoto watatu kwa bakuli moja. Nilipomtazama, aliendelea kutwanga sombe.

Kaku hayupo tena. King'ora kimenyamaza. Kilima kimechimbwa mpaka kikawa shimo, na yale maua niliyopanda chuoni ndiyo masalia yake. Na visima vya mtaa siku hizi vinatoa maji yenye ladha ya misumari. Ningekuwa kwenye kamati, ningechagua chujio. Hilo ndilo linalonichosha: walio upande wa pili si wajinga. Ningeweza kuwaambia kwamba hata chujio lao lilianza na mtu aliyetazama mchanga bila sababu. Nimelisema hilo mikutanoni mara nyingi, hata mimi mwenyewe hulipigia miayo.

Nilikuwa nimeshafika uwanjani, nimeinama juu ya maua, simu ilipolia.

"Mama Prof, bonjour," akasema mkurugenzi. "Commission iko nangoja. Banauliza ile maua yako inasaidia nini. Neno moja tu, niko naandika."

Nilifungua mdomo nitoe maneno yangu marefu. Nikayaacha.

"Ni ya bure, Directeur."

Nikamsikia akifunika simu kwa kiganja, watu wakinong'ona, kiti kikiburuzwa.

"Ya bure kabisa? Haiombake falanga? Ata ya mulinzi?"

Ndipo nilipojua ni bure ipi aliyoisikia. Niliyatazama maua. Yalikuwa machache, na yalikuwa na kiu.

"Ata ya mulinzi," nikasema.

"Ah, Mama! Si ungesema tangu mwanzo? Kama ni ya bure, acha ibakie. Batu ya chujio batajenga upande ya barabara, na falanga ya mulinzi itabasaidia." Kisha akaongeza, "Lakini maji ya kumwagilia, Mama, utabeba weye mwenyewe."

"Nitabeba," nikamwambia.