Goli la Watoto wa Chisenga

Wavu uliokaa miaka mingi kwenye gunia una harufu yake. Si ya samaki, maana samaki alishaondoka zamani. Ni ya matope, moshi wa jikoni na nguo iliyosahauliwa mvuani. Mwezi uliopita nilitoka Mwansabombwe, ninakouza vitenge sokoni, nikaenda Nchelenge, kando ya ziwa, kumsaidia baba kutoa vitu kwenye chumba ambacho paa lake limeanza kuvuja. Nilipofungua gunia la mwisho, harufu ile ilinipiga usoni nikakaa sakafuni bila kutaka. Niliujua wavu ule kabla sijautazama. Vidole vyangu vikaanza kutafuta kiraka, vikakipata: uzi wa kijani kwenye wavu mweupe, mafundo makubwa ya mtoto mwenye haraka.

Nitawasimulia habari ya kiraka hicho. Nimeificha muda mrefu, na hata sasa ninapoandika masikio yananiwaka.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka upande wa Kongo mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Baba hakuwa na mtumbwi. Alikuwa na sindano ya kushonea nyavu na mikono miwili, na wavuvi wa Nchelenge walimpa nyavu zao azitengeneze. Mimi ndiye nilikuwa msaidizi wake. Watu walitupokea vizuri, sisemi uongo, lakini tulijua kwamba sisi ni wageni. Mama alitukataza hata kuokota kuni karibu na nyumba ya mtu kabla ya kupiga hodi na kuomba.

Kanisani tulimpata mtu wetu, Mwalimu Ngoie. Naye alitoka Kongo, ila alikuwa amefika zamani, akaoa hapo, na Kibemba chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya wenyeji. Alifundisha watoto Jumapili asubuhi na kuongoza timu yao ya mpira Jumamosi, na kwake kazi hizo mbili zilikuwa moja. Alikuwa na kofia ya bluu aliyoivaa jua na mvua, nchi nzima ikaijua. Akiivua kanisani, paji lake la uso lilionekana jeupe kuliko mashavu, na sisi tulicheka chinichini.

Mafundisho yake yalikuwa hivi. "Zambi iko sawa ofsaidi," alituambia. "Unapiga goli, unaruka, unavua shati. Kisha unageuka, unaona arbitre iko na mukono juu." Siku nyingine alisema Mungu ni arbitre, yaani refa, asiye na filimbi, ndiyo maana wengi wanafikiri mchezo bado unaendelea. Tulimwelewa kabisa. Somo moja tu lilitushinda, lile aliposema, "Yesu njo ramplasa wetu."

Ramplasa ni mchezaji wa akiba, yule anayekaa benchi mpaka mwingine atolewe. Katika timu yetu ramplasa alikuwa Kasongo, mtoto mnene asiyejua kupiga mpira, aliyeingizwa dakika za mwisho kwa sababu mama yake alituletea mihogo ya kuchoma. Kwa hiyo nilimwona Yesu amekaa benchi, mihogo mapajani, akingoja tuwe tumeshinda ndipo aitwe. Nilicheka mpaka Mwalimu akanitoa nje. Kupitia dirishani nilimwona naye anajizuia kucheka.

Mimi nilikuwa golikipa. Nilikuwa mrefu kuliko wavulana, na mtoto wa mshona nyavu ana mikono inayokamata.

Sasa, mashindano ya watoto wa kanisa yalifanyika kila mwaka wakati wa mvua, ziwa linapofungwa ili samaki wazae. Miezi hiyo nyavu hulala na wavuvi hukosa kazi, kwa hiyo uwanja hujaa watu, na magoli yetu yalivikwa nyavu za kuvulia mpale, samaki wa ziwa letu. Ulikuwa utaratibu wetu, na haukuwa na ubaya wowote, maana tulicheza na chimpombwa, mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba. Chimpombwa hata ukiupiga kwa hasira zako zote hauwezi kutoboa wavu. Lakini mwaka ule zawadi ya fainali ilikuwa mpira wa kweli, wa ngozi, na wakubwa wakaona ni vizuri fainali yenyewe ichezwe na mpira huo. Hakuna aliyefikiria kwamba ngozi ikilowa inakuwa nzito, wala kwamba wavu wa baba, mkuukuu aliopewa na mvuvi mmoja na sasa umetundikwa golini, ulikuwa umeliwa na jua miaka mingi.

Fainali ilikuwa sisi na watoto wa kisiwa cha Chisenga. Walikuja kwa boti, wamelowa, wanatetemeka, wanaimba. Refa alikuwa Ba Chanda, mwalimu wa shule aliyestaafu, mwenye goti bovu, aliyesimama katikati ya uwanja kama nguzo na kuuacha mchezo umzunguke. Kwa sababu ya goti hilo, Mwalimu Ngoie alikuwa ameweka sheria ambayo sijaiona penginepo: refa asipoona vizuri, anamuuliza golikipa, na neno la golikipa ndilo la mwisho. "Ukisema bongo mbele ya goli," alituambia, na bongo kwetu ni uongo, "utasema bongo mbele ya kaburi." Tulimwogopa siku hiyo.

Kipindi cha kwanza mvua ilifuta mistari yote ya majivu. Mwenzetu Mutale alipiga shuti, golikipa wa Chisenga akaanguka nalo kwenye tope, na hakuna aliyejua kama mpira ulikuwa ndani au nje. Ba Chanda akauliza kutoka mbali. Mtoto yule, mwembamba, shati limechanika begani, akauangalia mpira, akaangalia wenzake, akasema, "Ilipita mustari." Basi. Tukawa na goli moja, tumepewa na mdomo wake.

Kipindi cha pili tulibadilishana upande, nikasimama kwenye goli lenye wavu wa baba. Mtoto mmoja wa Chisenga alikatwa na chupa mguuni, akapelekwa kliniki, mchezo ukaendelea. Mvua ikawa nene, watazamaji tayari wamekimbilia chini ya miti. Zikibaki dakika chache mshambuliaji wao akapiga kutoka mbali, mpira ukapita juu ya vidole vyangu, nikasikia nyuma yangu mlio niliouzoea nyumbani, mlio wa nyuzi zinazokatika. Nikageuka. Mpira ulikuwa umetoboa wavu karibu na mlingoti, unaviringika kwenye majani kuelekea ziwani. Kwa mtu aliyesimama katikati ya uwanja, ulionekana umepita pembeni.

"Feza, mwana wandi," Ba Chanda akaita, "mupira ulipita wapi?"

Kwa pembe ya jicho niliiona kofia ya bluu hatua chache kutoka mlingotini, nyuma ya pazia la mvua, haitikisiki. Sikuthubutu kuutafuta uso uliokuwa chini yake. Nilimtazama golikipa wa Chisenga kule mbali, amesimama mikono kiunoni, ananisubiri bila wasiwasi wowote.

"Ilipita inje," nikasema.

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililonishtua, jinsi walivyoniamini mara moja. Wale watoto walitushika mikono, wakapanda boti yao wakiimba vilevile walivyokuja, na sisi tukabeba mpira begani mpaka kanisani. Usiku ule sikula.

Jumatatu baba aliutandika wavu uani. Akaingiza mkono kwenye lile tundu, akautoa upande wa pili, akazitazama nyuzi zilizokatika. "Hapa kumepita kitu kikubwa," akasema taratibu, "na kimetokea ndani kuenda inje." Nikangoja anipige. Akanipa sindano na uzi wa kijani, maana mweupe ulikuwa umekwisha. "Shona," akasema, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Mwalimu Ngoie akasimama. Kofia mkono mmoja, mpira wa ngozi mkono wa pili.

"Bandugu," akasema, "ile goli ya batoto ba Chisenga iliingia. Ekipe hii ya batoto ni yangu. Miye njo niliifundisha. Kosa muniwekee miye."

Mama mmoja akasema "Ala!" kisha akaziba mdomo. Nilingoja ataje jina langu. Hakulitaja. Mzee mmoja akauliza kwa ukali, "Mwalimu, uliona na ukanyamaza?" Yeye akarudia tu, "Kosa muniwekee miye," akakaa.

Wakamwekea. Wazee walimnyang'anya darasa na timu, wakamkatalia meza ya Bwana mpaka Pasaka. Alikaa benchi la mwisho, lile la karibu na mlango, wanapokaa wenye watoto wanaolia. Mpira aliupeleka Chisenga mwenyewe, kwa boti, ziwa likiwa limechafuka. Watoto wa Nchelenge, kwa ujinga wetu, tulimpa jina Ofsaidi.

Na mimi je? Niwaambie ukweli wenye aibu: nilipona. Hofu ilitoka, na mahali pake pakaingia dharau. Nilijiambia: yeye mtu mzima aliona, akasimama pale na kofia yake, akataka mpira kama sisi tulivyoutaka. Mimi nilikuwa mtoto. Kama kuna mwizi, mwizi mkubwa ni yeye. Aliponisalimia njiani, "Feza, habari ya masomo?" nilimjibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Baadaye akahamia Puta kwa ndugu za mkewe. Mwaka jana akafariki. Baba alinipigia simu twende kuzika, nikasema nina mzigo wa vitenge unashuka. Haukuwepo mzigo.

Basi tulikuwa kwenye chumba kile kinachovuja, mimi na baba, wavu magotini mwangu.

"Ungali unaikumbukaka ile kiraka," baba akasema.

"Papa, Mwalimu Ngoie alionaka ile goli, akanyamaza. Miye nilikuwaka mutoto tu."

Baba akatikisa kichwa. "Mwalimu hakukuwaka pale."

"Nilionaka kofia yake."

"Kofia nilivaaka miye."

Nilidhani uzee umeanza kumchanganya. Akaenda kukaa juu ya gunia, akaniambia yote, macho yake ukutani. "Yule mutoto wa Chisenga alikatwaka na chupa. Mwalimu akamubeba ku mugongo mpaka kule ku kliniki. Mvua ilikuwa mingi, batu habakumuona anatoka; akanivalisha kofia yake, akasema, 'Baba Feza, uniangalilie batoto.' Nikaangalia. Niliona mupira, niliona wavu, nikasikia na vile ulisema."

"Na ukanyamaza?"

"Tulikuwaka bageni, mwanangu. Niliogopa batu baseme, muone mutoto wa bakimbizi. Siku tatu sikulala. Kisha nikaenda kwake, nikamwambia yote, nikasema Jumapili nitasimama miye. Akakatala. Akasema, 'Weye ungali mupya hapa, batakutupa. Miye bananijua.'" Baba akanyosha mkono, akagusa kiraka. "Akasema, 'Acha niingie.'"

Mtu yule hakuona goli. Saa ile tuliyomlaumu kwamba alinyamaza, alikuwa amembeba mtoto wa timu pinzani mgongoni, kichwa wazi mvuani. Nilitafuta tena maneno yake yote ya Jumapili ile, nikaona hakusema hata mara moja kwamba aliona. Sisi ndio tulimweka pale mlingotini, na mimi nilimshikilia pale miaka yote hii, mpaka akafa, mpaka nikamnyima hata konzi moja ya udongo.

Na lile somo lililonichekesha likanirudia lote, na Kasongo na mihogo yake. Nilikuwa nimeelewa kinyume. Nilifikiri ramplasa huingia timu ikiwa imeshashinda, apate heshima kidogo. Kumbe huingia mchezo ukiwa umeshaharibika, na yule aliyetolewa ili yeye aingie huenda akakaa pembeni akimzomea.

Jumapili iliyofuata sikurudi Mwansabombwe. Nilikwenda kanisani na baba, nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na baada ya matangazo nikasimama. Niliwatazama watu ambao nusu yao hawakuwa wamezaliwa siku ile. Nikasema, "Ile goli ya Chisenga iliingia. Niliona miye, nikasema bongo miye. Mwalimu Ngoie hakukuwaka hata pale."

Watu wakageukiana, vijana wakiulizana goli gani. Wazee wawili watatu waliokumbuka wakainamisha vichwa. Nilitaka kukaa, lakini nikasikia benchi linalia kando yangu. Baba alikuwa anajiinua, ameshika bega langu, ili naye aseme.