Mkwe Asiyeruhusiwa Kuota Moto

Binamu yangu aliyehamia Ulaya hunitumia picha za theluji kila mwaka, akiniuliza kama nimewahi kuona baridi ya kweli. Namjibu kwamba yeye ana mashine ya joto ukutani na mimi nina ukuta. Hapa Lubumbashi, mwezi wa saba, kabla jua halijapanda, maji ya ndoo yanauma vidole, waendesha pikipiki wanavaa makoti ya kike ya mitumba bila kuona haya, na watoto wanatoa mvuke mdomoni wakijifanya wanavuta sigara. Ndio wakati wa likizo kubwa ya shule, na ndio wakati familia yangu hufunga safari kwenda Mokambo, mpakani na Zambia, kumtembelea mama mkwe wangu.

Mokambo kuna baridi kuliko kwetu. Kipimo sina, lakini meno ninayo.

Mwaka huu tuliondoka nyumbani, mtaa wa Bel-Air, Jumamosi asubuhi, tukiwa watatu garini: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa. Binti alikuwa amejifunika gubigubi blanketi lake la rangi ya waridi lenye picha za sungura, akakataa kulivua mpaka tulipofika. Nilimdhihaki njia nzima. Nilimwambia anafanana na mzigo unaosubiri forodha.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja, la sivyo hakuna atakayenihurumia. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Hawapeani mikono, hawali mahali pamoja, hawatazamani usoni. Akipita yeye, mimi nageuka. Nikipita mimi, yeye anavuta kitenge kichwani na kuniachia njia. Ni heshima tu, haina ubaya wowote, na ina dawa yake. Siku moja upande wa mke wanapika vyakula vyote vya kwao, wanamwita mkwe, wanamfunulia sahani moja baada ya nyingine kwa nyimbo, naye anatoa zawadi atakayoombwa. Hapo wanasema ameingizwa. Tangu siku hiyo anakuwa mtoto wa nyumba, anakula popote na kukaa popote.

Mimi sikuingizwa, na kosa si lao. Miaka kumi na sita iliyopita, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, walinipangia siku nikaikataa. Nilimpa baba mkwe, mtu mpole wa reli ambaye sasa ni marehemu, hotuba ya nusu saa, sehemu kubwa kwa Kifaransa, nikieleza kwamba mimi na binti yake ni watu wa kisasa na tumekwisha kuvuka hatua hiyo. Katika kazi yangu ya kumaliza masomo nilikuwa nimeandika kurasa kumi na moja kuhusu desturi hiyohiyo, zote kama habari za jambo lililokufa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Njo vile, mukwe," akaenda kuangalia kuku wake. Nilidhani nimeshinda. Kumbe desturi ilibaki palepale, mimi nikawa nimejifungia mlango wa kutokea.

Kwa hiyo kila mwaka napokelewa Mokambo kwa heshima nyingi mno. Nakalishwa peke yangu kwenye salon, yaani sebuleni, juu ya kiti kikubwa chenye vitambaa vya kufuma, chini ya picha ya arusi yetu. Wengine wote wako jikoni, kijumba cha matofali nyuma ya nyumba, wameizunguka mbabula, lile jiko la bati lenye matundu tunalojaza makala, yaani makaa. Nawasikia wakicheka. Hakuna kinachozidisha baridi kama kicheko cha watu wanaoota moto.

Jioni ya kwanza, hata hivyo, nilibahatika. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama mkwe, mjane mcheshi anayeishi naye, aliingia ameibeba mbabula kwa matambara, makala yamewiva mekundu.

"Mukwe, ota moto. Baridi ya huku haijue diploma."

Akaiweka miguuni pangu, akafungua dirisha kidogo kwa ajili ya hewa mbaya ya makala, akaondoka. Nilivua viatu. Nilivua na soksi. Niliota mbele, nikageuka nikaota nyuma, kama hindi. Nikawaza jinsi watu hawa wanavyojua kumtunza msomi.

Asubuhi binti yangu alikuja kuniamkia, pua inamtiririka.

"Papa, jana ulisikia muzuri na mbabula?"

"Muzuri sana."

"Sisi tulisikia baridi. Nkambo alikohoa usiku yote."

Nkambo ni bibi yake, mama mkwe wangu. Nikauliza kama jikoni hakuna mbabula nyingine.

"Iko moja tu, papa. Ile ingine iko kwa kilio."

Majirani walikuwa na msiba, wameiazima mbabula ya pili, na mbabula iliyokwenda kwenye kilio hairudi mpaka kilio kiishe. Hakuna mwenye haya anayeweza kupiga hodi kwa wafiwa kudai jiko. Nilimwambia mke wangu nitakwenda sokoni kununua jingine. Alinitazama kama mimi mwalimu ninavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali la mtihani mwingine.

"Umununulie mama mbabula? Bantu ba huku batasema mukwe amekuja kumwambia kwake hakuna moto."

"Basi niende nikae jikoni. Nani atanifukuza?"

"Hakuna. Wewe ukiingia, mama atatoka. Atakaa inje, pale kwa jiwe ya kufulia, mpaka utoke. Na kifua yake unaijua." Akatabasamu. "Lakini we si ulishavuka ile hatua?"

Jioni ya pili mbabula ilipoletwa, niliikataa kiungwana. Nilimtuma binti: awaambie sisikii baridi. Dakika tano baadaye binti na mama mdogo walikuwa mlangoni, na mbabula katikati yao.

"Nkambo anasema mukwe hawezi kukaa na baridi mu nyumba yake."

"Mwambie nkambo kwamba mimi nina joto la asili."

Ikaenda. Ikarudi. Mama mkwe alituma neno kwamba mtu anayetetemeka hivyo hana joto la asili, ana malaria, aote moto. Nikatuma neno kwamba kikohozi chake nakisikia mpaka kwenye salon. Akatuma neno kwamba hicho si kikohozi, alikuwa anacheka. Mbabula ilipoletwa mara ya nne, makala yalikuwa yamegeuka majivu, na mama mdogo aliitua chini kwa kishindo.

"Heshima yenu inanivunja mugongo! Mulale na baridi, wote wawili!"

Tukalala na baridi, wote wawili.

Alfajiri ya siku ya tatu niliamka nikiwa sina habari na vidole vya miguu. Nilichungulia dirishani. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuwasha mbabula na sasa anatoka uani na ndoo, anakwenda kisimani. Jikoni hapakuwa na mtu, mlango uko wazi, na ndani kulikuwa na ile rangi nyekundu. Kwa hesabu yangu mama mkwe alikuwa bado amelala, na dakika kumi zingenitosha. Blanketi la sungura lilikuwa limeachwa kwenye kiti. Nilijifunika kichwa mpaka magoti, nikavuka ua kwa hatua ndogondogo, nikachuchumaa mbele ya moto. Mimi ni mtu wa kilo tisini. Zilikuwa kilo tisini zilizokunjwa vizuri.

Sikuwa hata nimeanza kusikia vidole, hatua zikaja, na kikohozi. Kukimbia kulikuwa kumechelewa. Niliinamisha kichwa nikangoja asikie aibu atoke, aende kwenye jiwe lake la kufulia, na dhambi iwe yangu. Badala yake alivuta kigoda akakaa.

"Umeamka mbele yangu, mutoto wangu," alisema.

Blanketi likatikisa kichwa.

"Na unakomaa mbio. Jana mabega haikuwa vile."

Nilishukuru Mungu kwa macho yake mabovu. Alichochea makala kwa kijiti, akamimina chai yenye sukari nyingi, akanipa. Niliipokea kwa ncha za vidole, mkono umebaki ndani ya sungura.

"Nasema na moto tu," akaendelea, "haina lazima unijibu. Miaka kumi na sita namupikia papa yako. Sahani inaenda imejaa, inarudi mutupu. Nani anakula? Mi sijue. Pengine ni imbwa. Sijamuona kutafuna hata siku moja. Namuuliza mama yako: munyu inatosha? Anasema inatosha. Anasema vile juu ya kila kintu."

Akakohoa, akangoja kikohozi kimalize.

"Mi nazeeka. Sipendi kwenda bila kujua kama bwana ya mutoto wangu anapenda pilipili. Leo kilio inaisha, mbabula itarudi. Na mbabula mbili bantu banaweza kupika bintu mingi. Lakini muntu mwenye alikataa, siwezi kumuita mara ya pili. Ni yeye njo aombe."

Akainuka, akavuta kitenge chake kichwani, akatoka nje, tena polepole, akaniachia moto wote. Nilikaa pale nikijisifu kwamba sijatambuliwa, chai mkononi.

Mke wangu alipoamka nilimwambia awaambie wakubwa wake kwamba naomba kuingizwa. Alikaa kitandani akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Kurasa kumi na moja!" alisema. "Kumi na moja!"

Kisha binti yetu akaingia akiuliza blanketi lake liko wapi. Usiku lilikuwa limempotea, alisema, ndiyo maana alikwenda kulala na nkambo.

"Na nkambo alipoamka?"

"Aliniacha mu kitanda, akanifunika. Akasema nibaki, anaenda kuota moto na mutoto mwingine."

Mbabula ya pili ilirudi jioni ileile, na siku iliyofuata tangu asubuhi jikoni kulikuwa na moshi wa nyumba yenye arusi. Mchana nilikalishwa kwenye mkeka, si kwenye kiti changu cha vitambaa, na wanawake wa jirani wakaingia wakiimba. Mama mdogo alifunua sahani moja moja kama mwalimu anayeonyesha ramani.

"Huyu ni kuku, usiseme hatukukuonyesha! Hii ni sombe, majani ya muhogo. Hii ni kapenta, samaki kidogo ya ng'ambo. Na hii ni bukari, ugali yetu, mukwe, ukiikataa hii utaenda kula wapi?"

Mwishowe mama mkwe akaingia, akakaa mbele yangu, akafunua uso. Nilikuwa namjua kwa kitenge na kikohozi kwa miaka kumi na sita, na sikujua kwamba binti yangu alichukua nyusi zake. Tulitazamana kama watu waliofahamiana kwa simu tu.

Walipomuuliza zawadi anayotaka kwa mkwe wake, sikuwa nimejiandaa na chochote. Hakufikiri hata kidogo.

"Ile bulangeti ya sungura. Masikio yake inajua kusikiliza."

Wanawake walicheka sana, na nikaelewa kwamba Mokambo nzima imekwisha kupata habari. Binti yangu alikataa katakata. Ilibidi nimpe saa yangu ya mkononi ndipo akaliachia.

Kisha nikala, na mama mkwe akanitazama nikila. Kuku alikuwa mkali kama kawaida, machozi yakanitoka kama kawaida, nikameza maji kikombe kizima kama ninavyofanya kila mwaka peke yangu kule salon, nikapeleka mkono tena kwenye sahani.

"Ngoja," alisema. "Hupendi pilipili?"

Sikuwahi kusema uongo mbele yake, kwa sababu sikuwahi kusema chochote mbele yake. Nilikiri kwamba siipendi. Sahani nilikuwa nairudisha tupu kwa heshima.

"Na mi natia mingi," alisema polepole, "sababu sahani inarudi mutupu."

Mama mdogo alilazimika kutoka nje kucheka.

Jioni ile niliingia jikoni kwa miguu yangu, bila blanketi, nikakaa kwenye kigoda kati ya mke wangu na mama mkwe, ambaye alikuwa na sungura mabegani. Nyuma yangu hapakuwa na picha ya arusi wala kitambaa cha kufuma. Nilinyoosha mikono juu ya moto. Vidole vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kupata joto, mama mkwe alipochungulia ndani ya mbabula, kisha akanitazama moja kwa moja usoni.

"Mukwe, makala inaisha."

Nilimtazama mke wangu. Akatazama dari.

Mfuko wa makala ulikuwa nje, nyuma ya nyumba, karibu na jiwe la kufulia. Nikainuka.