Pasi ya Mashoto

Mama mkwe wangu hutumia mkono wa kushoto, na mtaa mzima unamwita hivyo: Mashoto. Alikuwa dobi tangu kabla sijaolewa na mwanawe. Nilipoingia nyumba ile nilikuta kamba za nguo zimejaa uani, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi ya mkaa yenye tumbo kubwa. Niliinyanyua mara moja nikaitua upesi. Yeye aliirusha huku na huku kama kikapu kitupu ili makaa yashike.

Mkono huo ulimletea maneno. Walikuwapo wateja waliosema shati la bwana harusi halipigwi pasi kwa kushoto, eti ni nuksi. Hakubishana nao. Alilikunja shati likiwa bado na maji, akawarudishia. "Mtafuteni mwenye mkono mzuri." Walikwenda, na wengi walirudi kola zimeungua. Aliwapokea, lakini walipanga foleni kama watu wengine. Mimi nilikuwa nikiogopa kwamba watahama wote tukose riziki. Yeye alinyunyiza maji kwa ncha za vidole na kujichekea.

Kushikwa namna ile kuliula mpini wa pasi. Pale kidole gumba kinapokaa pakabonyea, mbao ikawa nyeusi na laini kwa jasho. Mtu wa mkono wa kulia akiushika, hapati pa kuweka kidole.

Chama cha Historia cha mji wetu kilipopewa vyumba viwili vya posta ya zamani ili kifungue makumbusho, mwenyekiti wake, mwalimu mstaafu, alikuja nyumbani kuiomba ile pasi. Alifuatana na binti yangu. Chama kilikuwa kimempa kazi ya kushika funguo na kuwatembeza wageni, kwanza kwa majaribio. Mtoto alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi, hata akafikia hatua ya kulala mchana kutwa, kwa hiyo nilitamani Mama akubali bila maneno mengi.

"Nitawapa," Mama alisema, "lakini ikae kama ilivyo. Nisije nikaikuta imevishwa gauni."

"Bibi, hakuna atakayeigusa," binti yangu alimwambia.

"Nakushika wewe, mke mwenzangu. Hawa wengine siwajui."

Siku ya ufunguzi tulifika mapema. Barazani mama wa chai alikuwa akipanga vikombe juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo ametia kipande cha mti mweusi. Mimi vitu hivyo siachi kuviona. Meza za namna hiyo ndizo huwamwagia watoto uji wa moto.

Ndani kulinuka vanishi. Mizani ya vifurushi, taipureta, redio ya betri, kila kitu kilikaa juu ya kisanduku chake na kibao cha "Usiguse". Pasi ilikuwa katikati. Ilipakwa rangi ya fedha. Mpini ulikuwa mpya, wa mviringo, unang'aa kama mguu wa kitanda cha bibi harusi.

"Hii ya nani?" Mama aliuliza.

Fundi seremala, jirani yetu na mwanachama, alikuja mbio na tabasamu. "Shikamoo, Mama Mashoto! Umeipenda? Nimeitengeneza kwa mapenzi tu. Mpini ule ulikuwa umeliwa upande, nikaona aibu wageni wauone."

"Umeliwa na nani?"

"Si... na wewe?"

"Maisha yangu yote nimeula, wewe umeutupa asubuhi moja. Uko wapi?"

Fundi alikuna kichwa. "Ulikwenda na maranda, Mama. Yamechukuliwa ya kuwashia moto."

Mama aliibeba pasi, akaipakata, akaenda kukaa kwenye kiti chenye kitambaa chekundu walichomwekea mgeni rasmi.

Mwenyekiti alimwinamia. "Mama yangu, mgeni yuko njiani. Hili tutalizungumza kesho."

"Kesho mtakuwa mmeshakata utepe wenu."

"Lakini ni mpini tu!"

"Kama ni mpini tu, basi urudi. Unawashinda nini?"

Nilimshika bega nikamnong'oneza, "Mama, twende nyumbani. Mtoto atakosa kazi."

"Mwanangu, wewe hata siku ya harusi yako uliogopa keki itaanguka. Tulia." Watu walicheka, na mimi uso ukaniwaka moto.

Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia binti yangu. "Mtoe bibi yako. Kama huwezi, sijui tutakuamini vipi na vitu vya watu."

Binti yangu alivua funguo shingoni, akaziweka juu ya kioo cha kabati. "Vitu vya watu ndivyo hivi, Mwalimu. Nilimwahidi havitaguswa. Simtoi."

Na papo hapo nikaelewa. Maranda. Moto. Mama wa chai. Kile kipande cheusi chini ya meza.

Ningeweza kunyamaza. Mama angechoka, mtoto angeziokota funguo zake, sote tungekula biskuti na kurudi nyumbani. Nje honi ya gari ilipigwa. Nilizitazama zile funguo juu ya kioo, kisha nikatoka, nikapiga magoti barazani na kukivuta kile kipande.

"We mama! Chai yangu!" Meza iliinama, vikombe vikateleza. Mama wa chai alivikumbatia kwa mikono yote miwili. "Na mti wenyewe nimejaribu kuuwasha umenikatalia!"

Nilimpelekea Mama. Aliufuta mpini wake kwa kanga, akaweka kidole gumba mahali pake, akanitazama kidogo. Kisha akamnyooshea fundi ule mpini.

"Haya, lete bisibisi," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyeharibu."

"Na hiyo rangi nitaichoma mwenyewe kwa makaa. Usiiguse tena pasi yangu."

Fundi alipokuwa akifungua skrubu, mwenyekiti alimzuia mgeni rasmi barazani kwa chai. Nilimwona mwenyekiti kupitia dirisha: kwa mkono mmoja ameinua pembe ya meza isianguke, kwa mwingine anaonyesha paa la posta, na anatabasamu kwa meno yote.

Hatimaye waliingia. Binti yangu alizichukua funguo, maana hakuna mwingine aliyethubutu kuzigusa, akazivaa, akaanza kueleza. Mgeni alisimama mbele ya pasi akanyoosha mkono wa kulia. Mwenyekiti alikohoa kuelekea kibao cha "Usiguse". Mgeni hakusikia. Alijaribu kushika, akageuza, akajaribu tena.

"Mbona haushikiki?"

"Huo si mkono wake," Mama alisema kutoka kwenye kile kiti chekundu, ambacho hakuna aliyemwambia tena akiache. "Badilisha."

Mgeni alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama dari.

"Wa kushoto, tafadhali," binti yangu alisema.

Mgeni alihamisha mkono.

"Na kidole gumba kikae pale palipobonyea," nilisema mimi, na sikunong'ona.