Pango la Amos

Ebeneza ni fundi simu Makambako. Fremu yake iko nyuma ya soko, upande wa reli, na kama simu yako iliwahi kutumbukia kwenye ndoo ya maji basi mmeshafahamiana. Ni mtu mrefu, mpole, asiyevua koti hata jua likiwaka, na huzungumza na simu kwa upole zaidi kuliko anavyozungumza na wenye simu. Hayo kila mtu anayajua. Wasilolijua wengi ni kwamba mtu huyu ametengeneza gemu.

Na si gemu la kubeti, maana siku hizi ukitaja gemu watu wanaangalia mfuko wako. Ni gemu la safari, linaitwa Moto wa Mtwa. Mtwa kwa Kibena ni mtemi. Moto wa mtemi umezimika katikati ya baridi ya mwezi wa saba, nchi nzima inatetemeka, na wewe mchezaji ni binti mwenye fimbo na kibuyu, umetumwa kuingia mapangoni kutafuta kaa moja lililo hai. Kila pango lina mitego yake na mafumbo yake, na milango isiyofunguka hovyo. Yapo mapango manne. Ukilipita la nne, moto unawaka tena na watu wanaota.

Hakulitengeneza peke yake. Mdogo wake Amos, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya parachichi Njombe mjini, alikuwa anakuja Makambako kila alipopata nafasi, na hao wawili wanaiinamia kompyuta moja waliyoinunua imeshatumika, herufi nyingine zimefutika. Ebeneza alikuwa na subira. Amos alikuwa na mdomo. Katika kazi ya namna hii vyote viwili vinahitajika, kwa sababu aliyejenga pango hawezi kupotea ndani yake. Lazima mwingine aingie, apotee, kisha atoke aseme ukweli. Amos aliusema bila kutia sukari. "Kaka, hawa popo umewaokota wapi? Nimekufa kabla sijajua naelekea wapi!" Ebeneza akawapunguza popo. Naye Ebeneza alikuwa akimrudishia vilevile, wakacheka, na gemu likawa linanyooka siku hadi siku.

Pango la tatu Amos alilichukua likawa lake peke yake. Alimkataza kaka yake hata kuchungulia. "Utaliona likiisha," alisema, "na utakwama kama watu wengine."

Likaisha, na Amos naye akaisha. Kichomi kilimwingia baridi ilipokuwa kali, akadhani ni mafua, akaendelea kumwagilia miche alfajiri na koti limelowa. Alipopelekwa hospitali alikuwa ameshachelewa.

Ebeneza alilikuta pango la tatu ndani ya kompyuta, limekamilika. Akaliunganisha na mengine bila kulicheza. Nisemeje? Aliogopa. Alijiambia kwamba maadamu hajaingia mle, bado kuna kitu cha Amos hajakiona, na kama bado kuna kitu, basi Amos hajamalizika. Aliandika tu mlangoni: *Pango hili limejengwa na Amos.* Kisha akalituma gemu zima kwenye kundi lao la WhatsApp la wapenda gemu, wengine wa Njombe, wengine wa Wanging'ombe, mmoja yuko Matamba kwenye mtandao wa kubahatisha.

Maoni yalimiminika. Pango la kwanza: giza limezidi, ongeza mwanga. Pango la pili: kitendawili cha yule chura ni cha watoto wa chekechea. Mmoja akasema fimbo ya binti inafanana na mwiko. Ebeneza alifurahi, akarekebisha, akashukuru. Halafu watu wakaanza kufika pango la tatu.

"Pango la tatu. Mungu amlaze mahali pema."

"Kazi nzuri ya marehemu. Apumzike kwa amani."

"Kamanda ametuachia alama."

Baada ya hapo, kimya. Hakuna aliyelitaja pango la nne, wala binti, wala moto. Ebeneza alingoja. Mwishowe akauliza, "Jamani, kuna aliyepita kwa Amos?" Akajibiwa kwa picha ya mshumaa.

Alichokitaka kilikuwa kidogo tu. Alitaka mtu mmoja, hata mmoja, amwambie: nimeingia pango la mdogo wako, nimetoka upande wa pili. Hakumpata. Akaanza kuamini kwamba watu wamemchoka Amos, kwamba wanafika kwenye jina lake, wanavua kofia, wanazima simu. Akaamua kwamba mwezi ukiisha atalifuta gemu lote, kuliko ndugu yake ageuke mahali pa watu kugeuzia.

Hapo ndipo Hyasinta aliporudi.

Hyasinta ni fundi cherehani, fremu yake imepakana na ya Ebeneza, ukuta ni wa mbao, na mabishano ya Ebeneza na Amos aliyasikia yote. Ni Mngoni wa Peramiho, na wakati wa msiba alikuwa huko kwao akimuuguza mama yake. Alikuja na sukari yake kilo mbili, akaketi kwenye benchi la wateja, akalia kilio chake chote kama inavyopasa. Kisha akajifuta kwa khanga.

"Sasa nimelia. Haya niambie, mtani gani alikuja kumzika Amos?"

"Hakuja mtani, dada. Mambo yalikuwa ya haraka haraka."

"Kwa hiyo mlikaa wenyewe mkasifiana." Akatikisa kichwa. "Basi mmemzika nusu. Niletee hilo gemu lenu."

Kwa asiyejua: Mngoni na Mbena ni watani tangu enzi za vita vya mababu, na mtani ana kazi yake msibani. Wakati wengine wanalia na kusifu, yeye huvaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akatangaza kwamba marehemu alikuwa anakoroma na alikuwa mgumu kutoa nyama. Watu wanacheka na machozi bado mashavuni. Na mtani hachukiwi.

Ebeneza alimwekea gemu kwenye simu. Siku mbili tatu zilizofuata, kila cherehani iliponyamaza, sauti ilipenya ukutani.

"Wabena ninyi! Mapango, mapango, mapango! Babu zetu walipotokea mkakimbilia humo, na mpaka leo hamjatoka!"

"Nanyi mlikuja kwa miguu kutoka kusini mkashindwa kurudi," alijibu Ebeneza, akijishangaa. Hakuwa ametania mtu tangu mazishi.

Siku ya tatu cherehani haikuguswa kabisa. Kisha kikasikika kicheko, si cha mdomoni, cha tumboni, cha kupiga meza. Akaingia kwa Ebeneza futi ya kupimia ikining'inia shingoni, simu mkononi.

"Eba, njoo. Njoo uone mdogo wako alivyo mjinga."

Ebeneza alisimama. "Dada Hyasinta, huyo ni marehemu."

"Marehemu ni kwako. Kwangu mimi ni mtani. Tazama."

Akatazama. Kulikuwa na lango la jiwe, zuri ajabu, limechongwa ng'ombe na mahindi, maji yanachuruzika ukutani na unayasikia. Kwenye lango kuna tundu la ufunguo, na pembeni dirisha dogo. Ukichungulia dirishani unaona ukumbi mpana, na katikati ya ukumbi kigoda, na juu ya kigoda ufunguo unang'aa.

"Umeona?" alisema Hyasinta. "Ufunguo wa lango ameuweka ndani ya lango. Nimezunguka, nimegonga mawe yote, nimempiga popo wa watu bila kosa. Hakuna njia! Amefunga, akaacha ufunguo ndani, akaondoka zake!" Na palepale akaanza kumwigiza Amos, kifua mbele, kidole juu, *utakwama kama watu wengine*, kisha anajipapasa mifuko, macho yamemtoka. Alikuwa Amos mtupu. Hata kile kikohozi kifupi cha kujifanya hakuna lililotokea, alikuwa nacho.

"Toka," alisema Ebeneza. Akamwonyesha mlango.

Hyasinta hakuona vibaya. "Natoka, mtani. Wewe angalau mlango wako unafunguka."

Ebeneza alibaki peke yake. Kisha akafungua kompyuta, akaingia kwa mara ya kwanza kwenye kazi ya ndugu yake, akaona. Amos alikuwa anaupamba ukumbi, na kila alipojaribu gemu alianzia pale pale ukumbini, ufunguo ukiwa karibu naye. Hakuwahi kuja kutokea nje. Kuja kutokea nje, kukwama na kumcheka, ilikuwa kazi ya kaka yake.

Akampigia Elius, mmoja wa kundi, mlinzi wa ghala la mbao huko Njombe.

"Elius, pango la tatu ulikwama?"



"Kaka," alisema Elius, "wote tulikwama. Sasa mtu ungeanzaje? Umeandika jina lake pale mlangoni. Nikuambie marehemu kakosea?"

Hawakuwa wamemchoka Amos. Walikuwa wamesimama mbele ya lango lake, kila mmoja na adabu zake, hakuna wa kusema. Adabu ni kitu kizuri, na sisi watu wa baridi tumejaliwa nayo tele. Lakini ikizidi inamwacha mtu nje na baridi yake.

Kulirekebisha kosa lile kulikuwa mchezo mdogo. Unauhamisha ufunguo, unauweka nje, basi. Ebeneza aliuhamisha, akaurudisha. Akauhamisha tena, akaurudisha. Kile kigoda Amos alikichora kwa mkono wake, na ufunguo aliuweka pale kwa mkono wake, na mkono ule hautaweka kitu kingine tena duniani. Kesho yake asubuhi akaenda fremu ya Hyasinta.

"Dada, nisamehe kwa jana."

"Jana kulikuwa na nini?" alisema Hyasinta, macho kwenye sindano.

"Yale uliyoyasema. Naomba uyaseme tena. Taratibu, niandike."

Jumapili baada ya ibada alipanda gari la Njombe kwenda kwa Anneth, mjane wa Amos. Anneth naye ni wa kitaluni, kazi yake ni kubebesha miche, kuunganisha kitawi cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, na mikono yake siku zote ina harufu ya majani mabichi. Alimkaribisha kwa chai na viazi vya kuchemsha. Alikuwa amekonda. Tangu msiba watu walikuwa wakimjia kwa sauti za chini, naye akajibu kwa sauti ya chini, mpaka nyumba ikazoea.

"Kamwene, shemeji. Za Makambako?"

"Kamwene. Salama tu." Ebeneza alishika kikombe bila kunywa. "Shemeji, kuna kitu nimekigusa kwenye pango la Amos. Nimekuja ukione kabla ya watu. Ukikataa, nakifuta hapa hapa."

Anneth aliipokea simu, akatazama lango. "Hapa nilikwama," alisema. "Nilidhani unataka libaki hivi hivi."

Lakini sasa mbele ya lango alikuwepo mtu. Mwanamke mnene, futi ya kupimia shingoni, amekaa juu ya jiwe, miguu ameinyoosha. Binti alipomkaribia, akasema:

*Umekwama? Usilie, hukukosea wewe. Aliyejenga hapa ni mtani wangu. Alichonga lango likapendeza, akapaka rangi ikakolea, kisha akafungia ufunguo ndani na kwenda kula viazi. Chungulia dirishani, umeona? Bado uko kigodani. Nimechongesha mwingine kwa gharama zangu. Shika, pita. Na ukipita, mcheke, alipenda kuchekwa.*

Anneth alisoma. Akachungulia dirishani, akauona ufunguo. Mabega yakaanza kumtikisika, na Ebeneza akanyoosha mkono kuichukua simu, akijilaumu kwa kuja. Ndipo akasikia kwamba ni kicheko. Kilitoka kwa shida, kama bomba lililokaa muda bila maji, kisha kikaja chote, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na machozi yakaja juu yake, na hakuyafuta.

"Shemeji," alisema alipoweza, "siku ile pale kaburini ulisimama ukatusomea habari zake. Mume mwema, mchapakazi, hajawahi kukosana na mtu, hajawahi kukosea jambo. Uliandika vizuri, watu walilia. Mimi nilikaa pale nikajiuliza, huyu tunayemzika ni nani? Nikaogopa. Nikadhani nimeshaanza kumsahau mume wangu." Akaigonga simu kwa kidole pale dirishani. "Kumbe yuko hapa. Huyu ndiye. Huyu ndiye hasa."

Ebeneza alikuwa analia na yeye, na kwa mara ya kwanza hakuona haya.

Binti akaupokea ufunguo. Lango la jiwe likasogea, maji yakaendelea kuchuruzika, na ndani mwanga wa ukumbi ukaonekana kidogo kidogo.

"Sogea basi, shemeji," alisema Anneth, akimpisha nafasi kwenye mkeka. "Tuingie kwake."