Kiapo Hunywewa

Wanafunzi wa chuo kikuu hunijia nyumbani, kama kwa nyanya yao, na maswali yao ya maadili na falsafa. "Shosho, mbona waongo kwa vitabu zako wanasemanga ukweli tu, na wazuri ndio wanaumia?" Wanataka niwatajie wanafalsafa niliowasoma. Sina. Nina asubuhi moja tu, katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakimsaka kila aliyekula kiapo cha Mau Mau.

Kwa Kiswahili, kiapo huliwa. Kwetu Wakikuyu, kiapo hunywewa. Mama alijua Kiswahili cha kusalimia na cha kuomba chumvi dukani, basi. Mimi nilikuwa na kingi zaidi kwa sababu nilikuwa nimelea watoto wa Mhindi mmoja mwenye duka Thika, kabla watu wetu hawajazuiwa kutembea.

Mama hakuwa amekinywa. Alikuwa mlokole, na watu wa Mau Mau walipokuja kumnywesha alikataa, wakampiga. Tangu hapo wanawake wa kambi yetu ya vibarua hawakumpa hata kaa la kuwashia moto. Wiki ile tajiri, mzungu mwenye shamba, alitufungia posho, kambi nzima, kwa sababu kuna watu waliokata mibuni yake. Wengine walisaidiana. Sisi tulilala njaa.

Asubuhi tukapangwa foleni. Mzungu kijana, ofisa wa serikali, alikaa kitini, na kando yake homugadi, Mkikuyu mwenzetu aliyeshika bunduki ya serikali, jirani yetu wa zamani kule Murera, mtu aliyewahi kula kwetu na kulamba sahani. Kikulacho ki nguoni mwako. Zamu ya mama ilipofika, mzungu akamuuliza kwa Kiswahili chao cha kuamrishia vibarua:

"Wewe kwisha kula?"

Mama akatabasamu. Mgeni akikuuliza kama umekula, humwambii una njaa. Kwa jinsi alivyolelewa, huo haukuwa uongo, ilikuwa adabu.

"Nimekula, bwana. Asante."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili," akasema mama, asije akaonekana fukara.

Aliyekula kiapo mara mbili ndiye waliyemwogopa zaidi. Nikachomoka kwenye foleni nikipiga kelele kwa Kiswahili. "Bwana, anasema chakula! Si kiapo! Na hata hicho chakula hajala, tumelala njaa!"

Mzungu akamtazama homugadi. Homugadi alijua lugha zote mbili, na alijua vizuri sana kilichotokea, niliona machoni mwake kwamba anajua. Akamgeukia mama na kusema kwa Kikuyu, kwa sauti ya heshima, kama anamwita mama yake mwenyewe, wanawake wote wakisikia:

"Maitu, binti yako anasema hujakula. Anasema watoto wako wamelala njaa. Ni kweli?"

Wanawake wakaanza kucheka, wale wale waliomnyima moto. Mama akanyoosha shingo.

"Anadanganya. Watoto wangu hawalali njaa. Mimi nimekula."

"Anasema binti yake anadanganya," homugadi akamtafsiria mzungu. "Anasema amekula."

Hakukosea hata neno moja. Nimeandika riwaya baada ya riwaya nikimtafutia yule mtu uongo wake katika maneno yale, na sijauona. Alitafsiri sawasawa kama mwalimu. Namchukia mpaka leo, na sina haja ya kuacha. Wasomaji wanaotaka asamehewe kwenye ukurasa wa mwisho, waandike vitabu vyao.

Walimpandisha mama kwenye lori. Nilikimbia kando yake nikimweleza kwa Kikuyu: ni kiapo, maitu, walikuwa wanakuuliza kiapo, waambie hukunywa! Sijui kama alinisikia kwa ngurumo ya injini. Alishika ukingo wa lori akainama kunielekea, nikadhani ananiaga.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akasema.

Alifia kizuizini, na sina neno lingine kutoka kwake baada ya hilo.