Mtani Aliyelala Mbele ya Jeneza

Mwalimu wetu wa siasa husema siku nikifa, mdomo wangu utahitaji kaburi la peke yake. Siku moja alikuwa anatueleza habari aliyoisikia redioni, kwamba huko Ayalandi Wakatoliki na Waprotestanti wanalipuana kwa mabomu, wakipatana asubuhi jioni wameshavunja. Darasa zima likashangaa: Wakristo kwa Wakristo! Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hao shida yao hawana watani." Watu walicheka mpaka mwalimu akageukia ubao kuficha meno. Nilijiona nimeitengeneza dunia.

Tulikuwa na sababu ya kujidai. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kabuku, kilikusanya watu ambao hawakuchaguana: sisi Wazigua, Waislamu tangu mababu, na watu wa kambi za mkonge, wengi wao Wanyamwezi, Wakatoliki, waliokuja kukata mkonge zamani wakabaki. Mwaka jana nguruwe wao alifukua mihogo nyuma ya msikiti, akauawa kwa panga, na kesho yake vijana wakapigana kwa mipini ya majembe. Mtu mmoja alipoteza jicho. Ikabidi katibu wa tawi awakalishe shehe na katekista kwenye mkeka mmoja. Wakapatana: nguruwe wafungwe ng'ambo ya kijito, ngoma zinyamaze wakati wa sala, shamba la kijiji tulime pamoja. Katibu alisema wazi kwamba likizuka lingine, watu wa kambi watarudi kambini na kijiji kitabaki jina.

Kilichoyashika mapatano yale ni utani. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Wanatukanana bila kukasirika, wanafanyiana vituko misibani. Anayekasirika ndiye mkosaji, na hulipa mbuzi.

Mtani wangu mimi alikuwa bibi mmoja wa Kinyamwezi, rozari shingoni, ugoro puani. Kwa umri wake nilipaswa kumwamkia shikamoo. Thubutu!

"Mzigua mwizi, bado hujafungwa?"

"Nangoja ufe kwanza, nirithi meno yako."

"Nimebaki nayo mawili. Moja lako, moja la mkeo."

"Mke wangu si ndiye wewe?"

"Ndiyo maana naomba kifo!"

Babu yangu mzaa baba alipofariki, bibi yule aliingia uani amejipaka majivu, amevaa koti kuukuu la babu, anachechemea na kukohoa kama yeye hasa. Mama na shangazi zangu, waliokuwa wakilia tangu alfajiri, wakaanza kucheka katikati ya machozi. Nami nikacheka, nikapata kupumua. Wanaume walipoinua jeneza, akajilaza chini mbele yao.

"Haendi! Mtumwa wangu huyu, nani kawapa ruhusa? Leteni jogoo kwanza!"

Ilikuwa kazi ya kumpa jogoo tu, yaishe. Lakini baba, tangu ugomvi wa nguruwe, alikuwa ameishika dini mpaka tabasamu limemkauka.

"Kafiri asisogelee maiti ya Mwislamu," alisema. Akamshika mkono, akamburuta pembeni. Koti la babu likachanika begani.

Bibi alikuwa bado anacheka. Alidhani baba anajibu utani. "Hee! Mzigua leo kala nini?" Kisha akauona uso wa baba. Akanigeukia mimi.

"Mume wangu, mwambie baba yako mimi ni nani."

Katekista alikuwepo. Shehe alikuwepo, na naapa alinitazama kama mtu anayengojea. Neno moja la kipuuzi lingetosha, na maneno ya kipuuzi ndiyo mali yangu. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Tupishe, mama."

Mama! Maishani sikuwahi kumwita hivyo. Aliinuka taratibu, akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kinu, akaondoka. Watu wa kambi wakamfuata mmoja mmoja. Tukaenda kuzika peke yetu.

Wazee walimwambia baba alipe mbuzi. Akasema hana mbuzi wa kulipia ushirikina. Jumatatu watu wa kambi hawakuja shambani. Hawakugombana na mtu. Katekista alituma salamu tu kwamba wana kazi zao. Wiki iliyofuata nyumba mbili ziliezuliwa mabati, yakapakiwa kwenye trekta kurudi mkongeni. Darasani, mwenzangu mmoja wa kambi akaniuliza, "Na nyie wa Ayalandi, hamjambo?" Hakuna aliyecheka.

Jioni hiyo nilikwenda kwa bibi. Nilijiambia, yeye akinitukana tu, wenzake watasikia, na waliobaki watafungua mizigo. Njia nzima nilikuwa nanoa tusi. Nikamkuta anamenya mihogo.

"We kizee, unapumua bado? Kaburi nimeshachimba, litajaa maji!"

Akaweka kisu chini. Akafuta kigoda kwa upande wa khanga yake.

"Karibu, baba. Karibu ukae. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema, na mdomo ukajiendea wenyewe: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniletea maji katika kikombe cha wageni. Akaniuliza habari za masomo. Nikajaribu tena. "Maji yenyewe yananuka nguruwe."

Siku nyingine ningekimbizwa na mwiko. Akainamisha macho. "Samahani, mwanangu. Ngoja nikuletee mengine."

Nikayanywa yale yale, yote, nikaaga kwa adabu.

Baba alikuwa kwenye jiwe la kutawadhia. "Umetoka wapi?"

"Kwa yule bibi."

"Amekutukana?"

"Hapana. Amenipa kigoda. Amenipa maji."

"Unaona?" alisema baba, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alionekana kuridhika. "Watu wakiheshimiana, ndiyo amani yenyewe."

Nilikuwa na la kumjibu. Nikachukua birika, nikammiminia maji miguuni.