Aliyeniita Jina la Nyumbani

Wallahi haya yalinipata mimi mwenyewe, na mguu wangu wa kushoto ni shahidi. Usiniambie nilikuwa na homa au ugeni ulinichanganya. Hayo nimeshaambiwa na watu wenye digrii. Wewe sikiliza, kisha useme utakalo.

Ilikuwa Minneapolis, miaka ya tisini, mwisho wa Machi. Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nitoke Mombasa kuja kusoma, nikafikia kwa binamu yangu, dada Rukia, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala moja kule Eagan. Jumamosi hiyo alikuwa na overtaimu. Akaniandikia namba za basi kwenye karatasi, akasema, "Toka ukauone mji, usinikalie ndani kama mwari. Lakini usifuate mtu."

Mimi nifuate mtu? Mimi ambaye kwetu hata muuza maziwa nilikuwa namshuku!

Mji wenyewe ulinitia wasiwasi tangu asubuhi. Katikati pale majumba yameunganishwa kwa madaraja ya vioo juu ya barabara, watu wapita humo wakiikimbia baridi, na kila niliyepishana naye ananichekea. Mtu hakujui, anakuchekea nini? Nikaukumbatia mkoba wangu.

Basi nimesimama kwenye daraja moja natazama magari chini, nikasikia naitwa. Na si jina la pasipoti. Jina la nyumbani, alilonipa bibi yangu, ambalo hata Rukia halijui. Silitaji hapa, uniwie radhi, sababu utaiona.

"Abee!" nikaitika.

Wanawake wa pwani wataelewa. Mtoto wa kike akiitwa kwetu, "abee" hutoka kabla akili haijafika, ukichelewa, utakiona. Lakini bibi huyo huyo alikuwa akinionya: usiitike kabla hujaona uso wa anayekuita. Nami niliitika nimempa mgongo.

Nikageuka. Mama wa makamo, kavaa buibui na kandambili. Kandambili, jamani, kwenye theluji ile!

"Mwanangu, wazurura peke yako? Njoo kwangu, kuna mahamri na chai ya tangawizi."

Nikamuuliza jina langu kalijuaje. Akacheka: "Uso wa bibi yako huo, utafichika wapi?"

Nilimshuku, niamini. Nilimshuku toka unywele hadi kandambili. Lakini wiki mbili sijaonja hamri, wiki mbili sijaitwa mwanangu, na nilikuwa nalia kila usiku chooni Rukia asinisikie. Nikamfuata.

Tulipopanda basi, dereva alifunga mlango nyuma yangu, yule mama bado yuko nje. Nilipoketi, huyu hapa kando yangu. Nikajiambia amepenya. Mtu akitaka kudanganyika, hujidanganya mwenyewe.

Tulishuka mahali pana uwanja mkubwa mweupe, tambarare kabisa, na miti ng'ambo. "Kwangu ni pale," akasema. "Tukate hapa katikati." Mtu wa Mombasa ataona nini pale ila uwanja wa mpira uliofunikwa theluji? Nikaingia.

Alitangulia. Tulipofika mbali na barabara akageuka kunisemesha, nami nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza. Baridi ile ilikuwa ya kukata masikio. Mdomo wangu ulikuwa ukifuka kama birika, lakini yeye anasema na kucheka, na kinywani mwake hakutoki mvuke hata chembe.

Nikasimama papo hapo. Akaniita jina langu. "Abee!" Sikukusudia, ilitoka yenyewe, na miguu ikaenda. Akaita tena. "Abee!" Nikaenda tena, nalia huku natembea. Chini kitu kikalia kwaa! kama mbao inayopasuka, na hapo nikafahamu kwamba kila nikiitika ndipo anaponivuta, na kwamba sitatoka pale hai nisipofunga mdomo.

Akaita mara ya tatu. Nikaung'ata ulimi mpaka damu.

Miguu ilisimama, lakini chini pakafunguka na mguu wa kushoto ukazama hadi pajani kwenye maji. Maji, uwanjani! Nyuma yangu mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitembeza mbwa alinipigia kelele nilale kifudifudi, nitambae. Nikatambaa mpaka akanirushia kamba ya mbwa wake, akanivuta.

"Unafanya nini juu ya ziwa?" akafoka.

"Ziwa? Ziwa gani?" Kumbe ule uwanja ni maji yaliyoganda kwa baridi, theluji imeyafunika.

Nikamuuliza yule mama yuko wapi. Akanitazama kwa huruma. Alinambia aliniona nikishuka basi peke yangu, na huko nilikokuwa nikienda nilikuwa nikisimama, napaza sauti, kisha naendelea.

Vidole viwili vya mguu huo vilikatwa hospitali, vilikuwa vimekufa kwa baridi. Rukia aliuliza jambo moja tu: "Ulimwitikia?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi usiitike tena."

Sikuitika tena. Vidole nimevisahau, kinachoniuma ni mama yangu. Kila alipopiga simu kutoka Mombasa na kuniita jina lile, sikuitika, nilimhoji kwanza: nani alinifundisha kusuka, paka wetu aliitwaje. Sikumweleza kwa nini, maana angenirudisha nyumbani siku ile ile. "Mwanangu," aliniambia mara moja, "mimi ndiye wa kuhojiwa?" Alifariki miaka mitatu baadaye, akiwaambia majirani kwamba Amerika imemnyang'anya bintiye adabu. Neno moja tu alilitaka, "abee," na sikumpa.

Nawe uliye ugenini, ukiitwa jina la kwenu, geuka kwanza. Utazame mdomo kama unafuka, ndipo uitike.

Maana tangu tumzike mama, kila baridi ikiingia naitwa tena hapa nje ya dirisha, na si sauti ya yule wa kandambili. Ni ya mama, pamoja na kikohozi chake. Hujifunga mtandio mdomoni nikakaa kimya. Na je, ikiwa ni yeye kweli?